Ofisi ya Mombasa: joto, unyevu na hewa ni mambo matatu

Mwezi wa Februari, saa nane mchana, ofisi nyingi za Mombasa zina hali mbili ndani ya chumba kimoja. Aliyeketi chini ya kiyoyozi amejitanda leso mabegani, na aliyeketi dirishani anajipepea kwa faili. Walio katikati wanapiga miayo. Rimoti inasoma 18. Ukimuuliza msimamizi atakwambia ofisi ina kiyoyozi, tena kikubwa, kwa hiyo habari ya hewa imekwisha.

Haijaisha, kwa sababu imechanganywa. Joto ni jambo moja. Unyevu uliomo hewani, ule unaoleta fukuto, ni jambo la pili. Hewa iliyokwisha kupumuliwa na wenzako ni la tatu. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hulimudu la kwanza, la pili hulifanya nusunusu, na la tatu hakiligusi kabisa. Anayepanga ofisi mpya, au anayetaka kuirekebisha ya zamani, akiyatenganisha haya matatu ataona maamuzi mengine yanafuata bila kusukumwa: meza zikae wapi, dirisha lipi litiwe kivuli, feni ziwe ngapi, mashine iwe ya ukubwa gani. Miti ya kwenye vyungu, rangi za kuta na makochi ya kupumzikia yana nafasi yake, ila pesa za kwanza zisiende huko.

Jua kwanza, mashine baadaye

Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi mwaka mzima. Mwezi wa Juni huegemea kaskazini kwa digrii 27 hivi, na Desemba huegemea kusini kwa digrii 19 au 20. Jua la juu namna hiyo ni rahisi kulizuia. Dirisha la upande wa kaskazini lenye kimo cha mita 1.5 linataka ukingo wa zege au wa mabati uliotokeza nje kwa sentimita 80, nalo litakuwa kivulini adhuhuri ya mwezi wowote. La upande wa kusini linatosheka na sentimita 55.

Linaloumiza ni jua la asubuhi na la alasiri, hasa la alasiri, kwa kuwa linakuta jengo limekwisha kupata moto. Linakuja limelala, linapita chini ya ukingo na kuingia hadi katikati ya chumba. Dirisha la kioo kitupu la mita 6 za mraba likielekea magharibi huingiza karibu kilowati 3 za joto saa kumi jioni pasipo mawingu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kina uwezo wa kuondoa kilowati 3.5. Yaani mtu ananunua mashine nzima na kulipia umeme wake kwa ajili ya kupigana na dirisha moja.

Pazia la ndani haliondoi tatizo hili. Jua linapolifikia, joto limeshavuka kioo. Pazia lenyewe linapata moto na kuutoa mumo humo ndani. Kivuli lazima kiwe nje ya kioo: luva za kusimama, shata za mbao, chanja ya chuma yenye mmea wa kutambaa, au mti. Ukipita Barabara ya Ndia Kuu kule Mji wa Kale utaona jambo hili lilikwisha kufikiriwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, shata za luva ziko upande wa nje, roshani zimetokeza na kuutia ukuta kivuli. Tusiisifu nyumba ya kale kupita kiasi, hata hivyo. Upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, nao kwa kawaida haufiki mita 3, kwa hiyo vinafaa ofisi ya meza mbili tatu na si ukumbi wa watu ishirini.

Mpangaji asiyeweza kugusa upande wa nje wa jengo ana njia nyingine: asiweke watu magharibi. Huko apeleke stoo ya mafaili, choo, ngazi, chumba cha mashine ya fotokopi. Stoo hiyo itakuwa na joto, na ndiyo kazi yake, kwani inalipokea kabla halijawafikia watu. Karatasi za plastiki zinazobandikwa kwenye kioo hupunguza kiasi, lakini zile nyeusi sana huleta kero mpya, maana watu huwasha taa mchana kutwa.

Ofisi iliyo ghorofa ya juu kabisa ina jua la tano juu ya yale ya pande nne, nalo ni lile la dari. Zege tupu au mabati juu ya kichwa hugeuka jiko la kuchoma kuanzia saa sita. Rangi nyeupe juu ya paa ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote, irudiwe inapochakaa na kuota ukungu. Chini ya mabati weka dari yenye sufi ya kuzuia joto ya sentimita 5 hadi 10, na uache matundu ya kutoa hewa ya moto iliyo kati ya dari na bati.

Upepo upo, ila njia zimezibwa

Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba. Hapa mji huu una bahati: madirisha yanayoelekea kaskazini na kusini hukwepa jua lililolala na wakati huohuo hupokea pepo zote mbili kwa mshazari. Mwenye kujenga akiwa na hiari ya kuligeuza jengo kiwanjani, asitafute hesabu nyingine.

Hewa ikiingia upande mmoja na kutokea wa pili, inaweza kukivuka chumba chenye kina cha hadi mara tano ya kimo cha dari, yaani mita 15 kwa dari ya mita 3. Chumba chenye madirisha upande mmoja tu hupata hewa kwa mita 6 au 7 za mwanzo. Watakaokaa nyuma ya hapo watakuwa kwenye hewa iliyosimama. Kosa la kila siku ni kukigawa chumba kilichokuwa kinapitisha upepo kwa kuta za jipsamu zinazofika darini, ili kila mkuu apate chumba chake chenye dirisha. Wadogo hubaki katikati bila upepo wala mwanga. Kama lazima kugawa, ukuta ukomee mita 2 hivi, au kuwe na luva juu ya milango.

Kosa la pili ni kushusha dari. Bodi za jipsamu zenye taa za kufichwa hupendeza, nazo mara nyingi huning'inizwa kwenye mita 2.5. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali pa kazi pawe na kimo kisichopungua mita 3 kutoka sakafuni hadi sehemu ya chini kabisa ya dari. Sheria hiyohiyo inataka kila mfanyakazi apate mita 10 za ujazo, bila kuhesabu nafasi iliyo juu ya mita 4.5. Mbali na sheria, dari ya mita 2.5 haiwezi kubeba feni: mapanga yakiwa sentimita 25 au 30 chini ya dari, mtu mrefu akinyoosha mkono atayagusa.

Feni ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Haipozi chumba, inampoza mtu, kwa kuharakisha jasho likauke. Hewa inayopita mwilini kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde hufanya digrii 28 zihisiwe kama 25 au 26. Feni ya darini hutumia wati 60 hadi 75, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia kama kilowati 1. Weka feni moja kwa kila mita 12 hadi 16 za mraba, na swichi ya kila feni iwe karibu na watu wanaopepewa nayo, si zote mlangoni. Usiiweke chini ya taa: mapanga yakikata mwanga, kivuli hupitapita mezani na kichwa huuma kabla ya adhuhuri bila mtu kujua kwa nini. Ofisi za forodha zenye makaratasi huzikataa feni kwa hofu ya kupeperushiwa nyaraka. Trei zenye kingo na vizito vya karatasi ni bei rahisi kuliko umeme.

Kwa nini ukuta unatoka jasho

Hili ndilo fundo lenyewe. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji ikikaa mezani dakika mbili hulowa nje. Maji hayo yametoka hewani. Hewa ya Mombasa, sehemu kubwa ya mwaka, huacha maji juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya digrii 23 hadi 25. Sasa fikiria chumba kilichowekwa 18, na upande wa pili wa ukuta ni ushoroba usio na kiyoyozi. Ukuta unapoa, na unyevu wa ushorobani unatua juu yake. Ndipo unapoona rangi inabambuka, doa jeusi linapanda kutoka pembeni, na nyuma ya kabati la mafaili kuna kuvu. Watu hupiga rangi upya kila mwaka wakilaumu bomba linalovuja ghorofa ya juu, na huenda hakuna bomba lolote. Jirani wa chini anaweza kulalamika kwamba dari yake inadondoka, naye pia asipate jibu.

Kuvu si suala la sura tu. Mbegu zake huruka hewani, na mwenye pumu au mzio wa pua ndiye wa kwanza kuzilipia.

Dawa yake ni kuliweka joto la chumba juu ya kiwango hicho cha umande. Kwenye digrii 26, feni zikizunguka, kuta haziwi baridi kiasi cha kukusanya maji, na mwili unaridhika. Wanaotoka juani watasema hakuna baridi kwa dakika kumi za kwanza. Waache dakika hizo zipite, rimoti isiguswe. Makabati yasogezwe sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma. Zulia la ukuta kwa ukuta lisiwekwe kabisa katika mji huu: hunyonya unyevu, halikauki, na baada ya msimu mmoja wa mvua za masika huanza kunuka uvundo. Terazo au vigae vinatosha.

Mashine kubwa mno huzidisha mambo. Fundi atakwambia chukua kubwa usijute, naye ananuia wema. Lakini kiyoyozi hukamua maji hewani kinapokuwa kinafanya kazi mfululizo. Kikiwa kikubwa kuliko chumba, hukishusha chumba hadi digrii ulizotaka kwa dakika chache, kikazima kabla ya kukamua. Kinachobaki ni hewa baridi yenye majimaji. Watu wanahisi kunatanata, wanashusha tena rimoti, na ukuta unazidi kulowa. Mashine za inveta, zinazopunguza kasi badala ya kuzima, husaidia, lakini nazo zina kikomo cha kupunguza.

Chukua chumba cha mita 6 kwa 8 chenye dari ya mita 3 na watu 10. Kila mtu aliyeketi hutoa wati 130 hivi, jumla kilowati 1.3. Laptopu na skrini, kilowati 0.6. Taa, 0.4. Kuta na madirisha yaliyotiwa kivuli, tuseme 1.5 hadi 2. Hewa safi kutoka nje, ambayo tunaifikia punde, 3.5. Jumla ni kama kilowati 7.5. Mbili za BTU 12,000 hufika 7, hazitoshi wakati wa kaskazi. Moja ya 12,000 na moja ya 18,000 hufika karibu 8.8, na zina faida nyingine: Julai na Agosti ile ndogo peke yake huenda ikatosha, na moja ikiharibika kazi haisimami. Angalia pia kwamba lile dirisha la magharibi lisilo na kivuli lingetaka mashine ya tatu.

Ubao wa ndani, yaani ile sehemu ya kiyoyozi inayopuliza hewa chumbani, usimwelekee mtu kichwani wala mgongoni. Upulizie kwenye njia iliyo kati ya meza, sambamba nazo. Bomba la kutolea maji literemke walau sentimita 1 kwa kila mita, lisiwe na tumbo katikati, maana utelezi hukaa hapo, maji hurudi na kudondoka juu ya kompyuta ya mtu. Vichujio vioshwe kila mwezi, na kila wiki mbili kama ofisi iko Shimanzi au Changamwe penye vumbi la malori. Ubao wa nje huliwa na chumvi ya bahari, kwa hiyo uoshwe kwa maji matamu kila miezi mitatu. Wapo wanaouosha kwa maji ya kisima yenye chumvi, na hapo ni afadhali wasingeuosha.

Hewa iliyokwisha kupumuliwa

Kiyoyozi cha ukutani huvuta hewa ya chumba, kinaipoza na kuirudisha chumbani. Hakileti hewa mpya hata lita moja. Wengi hawaamini, kwa sababu wanaona mashine nyingine nje na bomba linalopenya ukuta. Bomba hilo limebeba gesi ya kupozea tu, pamoja na nyaya.

Mtu mzima anayefanya kazi ya kukaa hutoa lita 18 hadi 20 za hewa ya ukaa (kabonidioksidi) kwa saa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi za hewa hiyo katika kila milioni. Katika kile chumba chetu cha mita za ujazo 144, watu 10 wakifungiwa bila hewa ya nje huongeza sehemu 1,300 kila saa. Walioingia saa mbili asubuhi, ikifika saa tatu kipimo kinasoma karibu 1,700. Vyumba halisi huvuja kidogo kwenye milango, kwa hiyo kasi hupungua, lakini mwelekeo ni huohuo. Kiwango hicho si sumu. Ni alama: kikipita 1,000, watu wanarudia kupumua hewa ya wenzao, pamoja na mafua yao, na uzito wa kichwa wa saa nane si wa wali wa mchana peke yake. Kipimo kidogo cha mezani cha hewa ya ukaa kinaweza kumaliza ubishi wa miaka kwa asubuhi moja.

Kipimo cha kupangia ni lita 10 za hewa ya nje kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watu 10 ni lita 100 kwa sekunde, au mita za ujazo 360 kwa saa, na hapo kipimo husimama kwenye 950 hivi. Feni ya kutoa hewa iliyoandikwa 360 kwenye boksi haitafika 360 ikishafungwa wavu na kifuniko, kwa hiyo nunua ya 450 au 500. Kisha iache hewa ya kuingia ipate njia yake: tundu lenye luva na wavu wa mbu upande wa pili wa chumba, mbali na moshi wa jenereta na wa barabara. Feni bila tundu la kuingizia hewa itavuta kutoka popote inapoweza, na mara nyingi popote hapo ni choo cha ushorobani. Feni na tundu zikiwa ukuta mmoja, hewa safi inaingia na kutoka bila kumwona mtu.

Gharama ipo na isifichwe. Hewa ya nje yenye digrii 31 na fukuto la kawaida, ikiingizwa lita 100 kwa sekunde katika chumba cha digrii 26, hukilazimu kiyoyozi kikamue kama lita 4 za maji kila saa. Ndizo zile kilowati 3.5. Kwa sababu hiyo ofisi yenye busara huwa na hali mbili na haizichanganyi. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, viyoyozi huzimwa, madirisha yakafunguliwa na feni zikafanya kazi. Wakati wa kaskazi na siku za fukuto la Machi na Aprili, madirisha hufungwa, viyoyozi vikawa 26 na feni ya kutoa hewa ikawashwa. Hali ya tatu, ya dirisha wazi na kiyoyozi kikinguruma, ndiyo inayoonekana zaidi mjini, nayo hulowesha kuta na kuneemesha bili.

Asiye na uwezo wa kutoboa ukuta azime kiyoyozi saa saba watu wakienda kula na kufungua madirisha ya pande zote kwa dakika kumi na tano. Si dawa kamili, ila alasiri itaanza na hewa mpya.

Kelele ni deni la dirisha lililofunguliwa. Ofisi inayotazama Digo Road haiwezi kuishi madirisha wazi, honi za matatu na tuktuk zitakaa mezani pamoja na watu. Hapo fungua yale ya uani, na upande wa barabara uwe wa mapokezi. Ndani, kinachovuruga kazi zaidi ni maneno ya mtu mwingine yanayosikika vizuri, kuliko mngurumo. Terazo, kioo na jipsamu huirudisha sauti. Fremu za mbao zenye sufi ya mawe ya sentimita 5, zikafunikwa kitambaa chepesi au mkeka uliofumwa kwa nafasi, huinyonya. Mkeka peke yake ukutani ni pambo.

Viti, meza na mwanga

Hapa hatutakaa sana, kanuni zake zinajulikana. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja. Laptopu iinuliwe na kuwekewa kibodi yake pembeni. Meza nyingi zina kimo cha sentimita 73 hadi 75, na mtu mfupi akiinua kiti hadi viwiko vilingane na meza, miguu huning'inia; mpe kibao cha sentimita 10 hadi 15, ambacho seremala yeyote wa Majengo hukitengeneza kwa siku moja. Meza ikae ubavu kwa dirisha, isilikabili wala kulipa mgongo. Mwanga wa kusomea karatasi uwe lakisi 500 mezani (lakisi ni kipimo cha mwanga). Anayetumia skrini tu hutosheka na 300.

La Mombasa ni vifaa. Kiti cha ngozi ya bandia hubambuka ndani ya miaka michache hata kisipotumiwa, kwa sababu unyevu na joto huila ile plastiki. Tena humtokeza mtu jasho mgongoni. Chukua cha wavu. Meza ya mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa hufura miguu kwa maji ya deki, kwa hiyo iwe na miguu ya chuma kilichopakwa rangi, au vifuniko vya mpira chini.

Maji, swala na mama anayenyonyesha

Maji ya mfereji mjini huja kwa zamu. Panga lita 40 kwa mtu kwa siku: watu 30 ni lita 1,200, na kwa siku tatu ni 3,600, kwa hiyo tangi la 5,000 si anasa. Choo kisicho na maji hufuta kila kitu kingine kilichoelezwa hapa.

Ofisi ambayo nusu ya wafanyakazi wake wanaswali adhuhuri na alasiri, na haina mahali pa kutawadha, itaona matokeo yake kwenye sinki la choo: watu wanainua miguu, sakafu inalowa, sinki linalegea ukutani na siku moja mtu anateleza. Tengeneza mahali penyewe. Kiti cha zege cha kimo cha sentimita 40 hadi 45, mfereji mbele yake, vigae visivyoteleza, na sakafu iteremke kuelekea kwenye mtaro kwa sentimita 1 au zaidi kila mita. Chumba cha watu watano safu moja kinataka upana wa mita 3 na kina cha mita 1.2, na wanawake wawe na pao. Kibla hakina hesabu ngumu: Makka iko karibu longitudo ileile ya Mombasa, kwa hiyo kibla hapa ni kaskazini barabara, kasoro yake haifiki digrii moja. Chumba kilichojengwa sambamba na kaskazini hakipotezi pembe. Ramadhani ikiingia, mikutano mizito ihamie asubuhi.

Kuhusu mama anayenyonyesha, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imesema wazi: mwajiri aweke chumba chenye mahali pa kunawa mikono, friji au kifaa cha kupozea, soketi za pampu ya maziwa, meza ndogo na viti vya starehe, na kisiwe chooni. Mama apewe na muda, usiozidi jumla ya saa moja katika saa nane za kazi. Mita 2 kwa 2 zinatosha, mlango ufungwe kwa ndani. Chumba hiki kisigeuzwe stoo ya katoni, kama inavyotokea kila mara asipokuwepo mwenye mtoto kwa miezi michache.

Kabla ya kutia sahihi

Wengi hawajengi, wanakodi. Madalali huonyesha ofisi saa tatu asubuhi, upepo ukiwa mwanana. Wewe nenda saa kumi jioni, viyoyozi vikiwa vimezimwa, na kipimajoto mfukoni. Gusa ukuta wa magharibi kwa kiganja. Vuta kabati, au tazama pembe za chini za kuta, hasa zilizopakwa rangi wiki hiyo. Pima dari. Fungua madirisha ya pande zote mbili uone kama karatasi iliyoshikwa katikati ya chumba inatikisika. Uliza tangi ni la lita ngapi na linagawanywa kwa ofisi ngapi, jenereta iko wapi na moshi wake unakwenda wapi. Muulize mwenye nyumba kama anaruhusu kutoboa tundu la sentimita 20 kwa feni ya kutoa hewa na kufunga luva nje ya madirisha ya magharibi, ni nani atakayeziba tundu mkataba ukiisha, na majibu yote mawili yaandikwe ndani ya mkataba kabla ya kulipa amana.